Kosa si la mwimbaji: Muziki wa matangazo unavyokipotosha Kiswahili

JUMA lililopita nilikuwa ndani ya matatu nikielekea katikati ya jiji la Nairobi redio ilipocheza tangazo la duka moja la bidhaa za nyumbani. Mtoto wa miaka sita hivi, aliyekuwa amepakatwa na nyanyake kando yangu, akaanza kuimba pamoja na redio. Wimbo ulipoisha alimtazama nyanyake, akamuuliza:

“Shosho, mbona wamekataa bei?”

Abiria wawili waliangua kicheko. Nyanya akamwambia kwa upole, “Hawajakataa, mjukuu wangu. Wamekata. Wamepunguza.”

Mtoto hakuridhika. “Lakini wamesema wamekataa,” akashikilia, kisha akageukia dirisha.

Mimi sikucheka. Tangazo hilo nalijua vizuri kwa sababu nilikuwa miongoni mwa walioitwa kulitazama kabla halijaenda hewani. Na mtoto yule alikuwa amesikia sawasawa. Masikio yake hayakuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika lahani.

Wapenzi wa lugha tumezoea kuyahakiki matangazo kwa macho. Tunapita barabarani tukiona bango lenye tahajia mbovu, tunalipiga picha na kutumiana kwenye simu. Tunalalamikia tafsiri sisisi, ngeli zilizochanganywa na vitenzi visivyopatana na nomino zake. Hayo yote ni sawa. Lakini kuna kosa jingine ambalo macho hayawezi kuliona kabisa. Maneno ya tangazo yanaweza kuwa sahihi karatasini, herufi kwa herufi, kisha mtunzi wa muziki akayatia katika lahani yakatoka yakiwa maneno mengine. Kosa hilo halimo katika kamusi wala katika kitabu cha sarufi. Limo katika noti.

Nianze na kanuni ambayo kila mwanafunzi wa shule ya upili nchini anaijua, au angalau aliwahi kuijibia swali la mtihani. Katika Kiswahili, shadda, yaani mkazo, huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Tunasema ba-RA-ka, ki-TA-bu, m-wa-NA-fu-NZI tukikosea, na mwa-na-FU-nzi tukipatia. Neno likirefushwa kwa kiambishi, shadda husogea nalo: PI-ga huwa pi-GA-na, kisha pi-ga-NI-a. Ndiyo maana msikilizaji wa Kiswahili, hata asiyejua neno shadda lenyewe, hujua mwisho wa neno uko wapi. Mkazo humwonya kwamba imebaki silabi moja.

Maneno machache yanakiuka kanuni hii, na hayo ndiyo walimu hupenda kuyatumia kama mifano. Ba-ra-BA-ra ni njia ya magari. Ba-RA-ba-ra ni sawasawa, vyema kabisa. Sasa mfikirie mtunzi anayetengeneza wimbo wa tangazo la mafuta ya injini. Anapewa sentensi isemayo kwamba gari lako litakwenda barabara. Lahani yake ina noti moja nzito, na noti hiyo inaiangukia silabi ya tatu ya neno hilo. Sifa ya mafuta inapotea papo hapo. Kinachobaki ni habari kwamba gari litapita njiani, na sijui gari gani lisilopita njiani.

Mbali na shadda, kuna urefu wa irabu. Kiswahili kina jozi za maneno ambazo tofauti yake yote ni irabu moja mwishoni: kata na kataa, pumba na pumbaa, kufa na kufaa. Hapa ndipo muziki unapokuwa hatari, kwa kuwa kazi ya muziki ni kuvuta na kufupisha sauti. Chukua sentensi ‘Dawa hii itakufaa.’ Ku iliyomo ni kiwakilishi cha wewe unayeambiwa, na kitenzi ni faa. Mtunzi akibanwa na muda akaikata ile irabu ya mwisho, tunasikia ‘Dawa hii itakufa.’ Ku sasa si wewe tena. Ni ile ku ya vitenzi vya silabi moja, na dawa yenyewe inatangaziwa kifo chake. Sarufi imegeuka ndani ya sekunde moja na hakuna aliyeibadilisha isipokuwa mpiga kinanda.

Turudi kwenye duka la bidhaa za nyumbani. Nilipigiwa simu na kampuni ya matangazo, ambayo sitaitaja kwa sababu kampuni nyingine nyingi hufanya kazi kwa mtindo uo huo. Niliambiwa kuna “kazi ndogo ya Kiswahili” ya kupitia. Nilipofika studio nilimkuta prodyuza, kijana mwenye adabu na kipaji, amekaa mbele ya kompyuta na spika mbili kubwa. Binti kutoka kampuni ya matangazo alikuwa na karatasi. Kwenye karatasi niliona sentensi kumi na kitu za Kiswahili safi. Hapo penye kiini cha tangazo paliandikwa: Tumekata bei.

“Iko sawa, Mwalimu?” binti akaniuliza.

“Iko sawa,” nikasema. Nami nilikuwa nasema kweli. Karatasi ilikuwa sawa.

Ndipo prodyuza alipobonyeza kitufe, na waimbaji wakatangaza kutoka kwenye spika kwamba duka limekataa bei.

Nilimwomba arudie. Akarudia mara tatu, na kila mara duka likakataa. Nikamwomba anichezee lahani tupu, bila maneno, na hapo nikaelewa. Lahani ilikuwa imetungwa kwa Kiingereza, nje ya nchi, kwa sentensi ya maneno matatu yenye silabi nne. Noti zilikuwa nne: mbili fupi, ya tatu ndefu na nzito, ya nne nyepesi ya kushukia. Sentensi ya Kiswahili ina silabi sita: tu-me-ka-ta-be-i. Silabi sita zinaingiaje katika noti nne? Kwa kubanwa. Tu na me zilipewa noti ya kwanza zigawane. Ka ikapewa ya pili. Ta ikaangukiwa na ile noti ndefu, ikavutwa kama mpira. Neno zima la bei likasukumwa kwenye noti ya mwisho. Silabi iliyofaa kuwa na mkazo, ka, ikapita mbio. Ile isiyofaa, ta, ikakaa kwenye kiti cha mbele. Kata ikawa kataa.

Nilimweleza prodyuza. Akanisikiza vizuri, kisha akasema, “Mwalimu, naskia unachosema. Lakini si watu wataelewa tu? Hii ni tangazo, si mtihani.”

Nikamwambia ajaribu kitu kimoja: ageuze maneno. Badala ya ‘Tumekata bei’, waimbe ‘Bei tumekata.’ Be-i zinagawana noti ya kwanza, tu-me zinagawana ya pili, ka inaikalia ile ndefu, na ta inashuka na ya nne. Aliimba mwenyewe kwa sauti ya chini akipiga meza kwa vidole. Akatabasamu. “Alaa! Inakaa poa kuliko ya kwanza,” akasema. Kazi nzima haikuchukua dakika kumi. Hakuna noti iliyobadilishwa, hakuna neno lililoongezwa. Kiswahili kinaruhusu yambwa kutangulia, na kuitanguliza bei kunaipa uzito ambao mwenye duka mwenyewe angeutaka.

Binti wa kampuni akapiga simu. Aliporudi uso ulikuwa umebadilika. “Pole, Mwalimu. Mteja ashaipitisha hiyo ya kwanza. Ameipenda. Na hewani ni Jumatatu.” Nikauliza niliitiwa nini basi. Akanijibu kwa ukweli ambao sijausahau: “Kuangalia kama imeandikwa vizuri.”

Nilipewa bahasha ya nauli na asante, nikaichukua, nikaenda zangu. Wiki hiyo nilijiambia kwamba nimetimiza wajibu kwa kusema. Leo sina hakika. Jina langu liliwekwa mahali fulani katika faili kama ushahidi kwamba Kiswahili cha tangazo kilikaguliwa, na mtoto ndani ya matatu akafundishwa kwamba kukata na kukataa ni kitu kimoja.

Ninasimulia haya si kwa ajili ya kumlaumu prodyuza wala waimbaji. Mwimbaji huimba anachopewa. Tatizo limo katika mpangilio wa kazi. Nilivyoelezwa siku hiyo, wazo la tangazo huanza kwa Kiingereza; lahani hutungiwa Kiingereza hicho; mwenye bidhaa huisikia, huipenda na kuilipia; kisha, mwishoni kabisa, mtu hutafutwa wa ‘kutia Kiswahili’. Kitenzi hicho cha kutia kinaeleza mengi. Kiswahili kinatiwa kama maji katika chupa iliyoumbwa kwa ajili ya kitu kingine. Na kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya viambishi, ambamo nafsi, njeo, yambwa na kitenzi hukaa ndani ya neno moja, silabi zake ni nyingi. Chupa haitoshi. Ndipo watu wanapoanza kubana, kukata na kuvuta, bila kujua kwamba wanachokata ni maana.

Kuna atakayesema kwamba lawama hizi ni za wageni, kwamba mgeni hawezi kujua shadda yetu iko wapi. Sikubaliani naye, na ushahidi wangu unatoka mahali ambapo wengi wetu tumezoea kupadharau. Filamu ya The Lion King ilitoka mwaka wa 1994. Nyimbo zake zilitungiwa muziki na Elton John, maneno yakaandikwa na Tim Rice, na muziki wa kusindikiza matukio ukatungwa na Hans Zimmer, aliyeshinda tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Wimbo wa ‘Hakuna Matata’ umetuletea Wakenya kero ya aina yake. Watalii hutusalimu nao, ilhali sisi kwa sisi tunaambiana hakuna shida, na vijana wanaambiana hakuna noma. Kero hiyo naielewa. Lakini hebu usikize tena wimbo huo kwa sikio la mwalimu wa fonolojia. Uzito wa lahani unaangukia ku katika hakuna, na unaangukia ta ya katikati katika matata. Shadda zote mbili ziko mahali pake. Mtunzi aliyeishi mbali na pwani yetu aliyasikiza maneno yenyewe kwanza, akayafuata.

Jambo la kuchekesha ni kwamba filamu hiyo hiyo iliyopatia katika wimbo ilikosea katika jina. Ngiri wetu aliitwa Pumbaa, kutokana na kitenzi pumbaa, kuwa kama aliyeduwaa. Katika mazungumzo ya filamu jina hilo hutamkwa kwa mkazo mwanzoni na mwisho mfupi, tukasikia pumba, yaani makapi. Ni jozi ile ile ya kata na kataa, ila imegeuzwa. Palipokuwa na lahani iliyotungwa kwa kufuata neno, neno lilipona. Palipoachwa ulimi uende wenyewe, neno liliumia. Kwa hiyo muziki si adui wa lugha. Unaweza hata kuwa mlinzi wake.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi kuuhakiki kwa sababu ninaupenda. Mwaka wa 2005 Mmarekani Christopher Tin alitunga ‘Baba Yetu’ kwa ajili ya mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV. Maneno yake yametokana na Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka wa 2011 wimbo huo ulishinda tuzo ya Grammy, ukawa muziki wa kwanza uliotungiwa mchezo wa kompyuta kuipata tuzo hiyo. Kwaya za mabara mbalimbali zinauimba. Nimewahi kuusikia ukiimbwa na watu wasiojua Kiswahili hata cha kuombea maji, na nywele zikanisimama.

Hata hivyo, mapenzi yasitunyime kusema. Mtunzi ameyagawa maneno kwa kufuata vipande vya lahani yake wala si vipande vya sala. Kitenzi uliye, ambacho hakiwezi kusimama bila kuambiwa ‘wapi’, kinamaliza kipande cha lahani kikiwa kinaning’inia, na mbinguni inaanzisha kipande kipya. Kisha neno yetu, ambalo ametokea kulipenda kwa mlio wake, linarudiwa mara baada ya mbinguni. Mwanafunzi wa ngeli atashtuka hapo. Mbinguni ni nomino ya mahali. Tungesema mbinguni kwetu, kamwe si yetu. Huko mbele, ombi la chakula na ombi la msamaha yanashonwa pamoja katika pumzi moja, na kinachoombewa msamaha kikasukumwa kwenye pumzi inayofuata.

Mbona basi hatukasiriki? Mbona kosa la ngeli linatupita na machozi yanatulengalenga? Nimelifikiria swali hili kwa muda, na jibu langu ni kwamba sikio hurekebisha lile linalolijua. Mswahili anayeusikiza wimbo huo aliikariri sala tangu utotoni, au aliwahi kuisikia mazishini na harusini hata kama si Mkristo. Lahani ikivunja kipande, kumbukumbu inakiunga. Maana haitegemei kabisa kinachoimbwa. Inategemea pia kinachojulikana.

Tangazo halina bahati hiyo. Tangazo linaleta habari mpya: bei mpya, bidhaa mpya, onyo jipya. Hakuna kumbukumbu ya kuunga kilichovunjika. Nyanya ndani ya matatu alirekebisha kwa sababu anajua maduka na hila zao. Mjukuu wake hakuwa na cha kurekebishia. Na ikiwa leo ni bei, kesho itakuwa wimbo wa kampeni ya chanjo, wa uchaguzi, wa kunyunyizia mimea dawa. Katika nyimbo za aina hiyo tofauti kati ya itakufaa na itakufa si mzaha.

Nilipomweleza hoja hii rafiki yangu wa Mombasa, mtu anayeijua taarab kuniliko, alinikatiza. “Sasa wewe wataka kuwafunga waimbaji kamba?” akaniuliza. “Mbona sisi twavuta silabi ya mwisho tangu enzi za mababu, na hapana aliyepotea njia? Nenda kasikize utenzi ukisomwa, kisha uje uniambie shadda i wapi.”

Pingamizi lake ni zito na haliwezi kupuuzwa. Ni kweli. Katika taarab na katika usomaji wa tenzi, lahani haifuati mkazo wa mazungumzo hatua kwa hatua. Mwimbaji huivuta irabu ya mwisho wa kipande, akaipamba, akaipandisha na kuishusha. Tukiwahukumu kwa kanuni ya darasani tutawakosea haki mafundi wa sanaa yetu wenyewe.

Lakini tuangalie wanavuta wapi. Utenzi una mizani nane katika kila kipande. Shairi la kawaida lina mizani kumi na sita katika mshororo, nane kwa nane. Mvuto wa sauti huja penye kituo, penye kina, mahali ambapo msikilizaji anautarajia. Amezoea kwamba hapo sauti hurefuka kwa pambo, si kwa maana, basi halihesabu pambo hilo kama irabu ya pili ya neno. Isitoshe, mshairi ameandika kwanza. Maneno yake yamepimwa mizani kabla ya udi na fidla kuguswa, na lahani hutafutwa kwa ajili ya shairi lililokwisha kusimama. Tena msikilizaji ana wakati: ubeti utarudiwa, kiitikio kitarudi, na wimbo utakwenda dakika nyingi.

Tangazo la sekunde thelathini halina kina wala kituo kinachotarajiwa. Lilivuta ta katikati ya sentensi, likaifuatisha na bei papo hapo. Hakuna mila ya Kiswahili inayomwambia msikilizaji aupuuze mvuto huo. Nilipomwambia hivyo, rafiki yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi shida si kuvuta. Shida ni kuvuta pasipo mahali pake.” Sijapata kauli bora kuliko hiyo ya kufupisha makala haya.

Je, tuseme kwamba ni lazima maneno yatangulie lahani daima? Hapana, na mfano wa kupinga dai hilo tunao wenyewe. Sisi wa rika fulani tunakumbuka kwamba kabla ya filamu kuanza katika majumba ya sinema, wimbo wa taifa ulipigwa na watu wote wakasimama. Wimbo huo una lahani ya kale kuliko maneno yake. Ulikuwa wimbo wa kina mama Wapokomo wa kubembelezea watoto, ukatolewa na Mzee Meza Moroa Galana. Mwaka wa 1963 jopo la wanamuziki watano, yaani Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ndilo lililoutengeneza wimbo wa taifa kutokana na lahani hiyo. Maneno mapya ya Kiswahili yaliingia katika lahani iliyokuwapo, jambo lile lile linalofanywa na kampuni za matangazo leo. Na matokeo? Uimbe taratibu leo jioni na usikize maneno kama baraka, undugu na uhuru. Ra, ndu na hu zimepata nguvu ya lahani, kila moja mahali pake. Hakuna neno lililokuwa neno jingine.

Tofauti ni nini? Kwanza, Kipokomo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, hivyo lahani ilizaliwa katika mazingira ya maneno yenye umbo linalofanana na yetu. Pili, na hili ndilo kubwa, waliofanya kazi hiyo hawakutafsiri sentensi kisha wakaisukuma ndani ya noti. Waliyachagua maneno ambayo lahani ingeyabeba. Hiyo ni kazi ya utunzi, si kazi ya kutia.

Kutokana na haya nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti kubwa.

La kwanza ni kwa wenye kampuni za matangazo na watayarishaji wa filamu na vipindi. Mwiteni mtu wa lugha kabla mteja hajaipenda lahani, wala si siku mbili kabla ya tangazo kwenda hewani. Na mpeni sauti ya kusikiza, si karatasi ya kusoma. Kukagua Kiswahili cha wimbo kwa kusoma karatasi ni kama kuonja mchuzi kwa kuutazama. Mlipeni pia kama mtunzi mwenza, kwa kuwa akigeuza ‘Tumekata bei’ kuwa ‘Bei tumekata’ amefanya kazi ya utunzi.

La pili ni kwa watunzi wenyewe, hasa vijana wanaotengeneza biti nzuri ajabu katika vyumba vidogo. Kabla ya kutafuta noti, isemeni sentensi kwa sauti mara tano kama mnavyoisema sokoni, mkipiga makofi penye mkazo. Makofi hayo ndiyo mapigo yenu mazito. Mkiisha kurekodi, mchezeeni mtu ambaye hajayaona maneno, mumwombe ayaandike aliyoyasikia. Akiandika kataa, msimlaumu.

La tatu ni kwetu walimu. Tumeifanya shadda kuwa swali la alama mbili, barabara na walakini, tukafunga kitabu. Tungewaambia wanafunzi walete nyimbo tatu za matangazo wanazozijua kwa moyo, na hakika wanazijua kuliko mashairi tunayowakaririsha, kisha waonyeshe ni wapi lahani imelilinda neno na ni wapi imeliumiza. Kutoka katika madarasa hayo ndiko watakakotoka maprodyuza na wakurugenzi wa matangazo wa kesho. Kijana aliyenikaribisha studio hakuwa mjinga. Hakuwahi kuambiwa kwamba hili ni jambo la kusikilizia.

Nami nina deni langu. Siku ile nilipaswa kuandika barua fupi kwamba sikuridhika na sitaki kuhesabiwa kama mkaguzi wa tangazo hilo. Sikuandika. Nilifikiri ni kazi ndogo ya Kiswahili, kama nilivyoambiwa kwenye simu.

Matatu ilipofika mwisho wa safari, nilimsaidia yule nyanya kushuka na mkoba wake. Mtoto alikuwa bado anaimba, sasa akiwa na jibu lake mwenyewe. “Shosho,” akasema, “kama wamekataa bei, basi vitu ni vya bure.” Nyanya akacheka, akamshika mkono, wakavuka barabara. Nilitamani kumwambia kwamba kwa Kiswahili kama kilivyoimbwa, hesabu yake ilikuwa sahihi.